Mwongozo kamili: Kumweleza mgeni mtindi, togwa na udaga kwa Kiingereza asidhani umemletea kilichoharibika

Kila mwezi narudia somo lilelile hapa Mwanza. Mhudumu wa hoteli kule Capri Point, kijana anayeongoza watalii, mama mwenye kibanda cha mtindi Buzuruga: wote wana Kiingereza cha kutosha kuelekeza njia na kutaja bei. Mgeni akinyooshea kidole kibuyu na kuuliza kuna nini humo, jibu linatoka haraka: “It is spoiled milk.” Mgeni anatabasamu, anasogeza kikombe pembeni taratibu, anaagiza maji ya chupa.

Sarufi ya jibu hilo haina kasoro. Tatizo ni kwamba Kiingereza kina mafungu mawili ya maneno ya uchachu: fungu la chakula kilichochachushwa makusudi, na fungu la chakula kilichoharibika chenyewe. Ukiokota neno kwenye fungu lisilo lake umekishitaki chakula chako kabla hakijaonjwa. Kazi kubwa ya mwongozo huu ni kukufundisha kuchagua fungu.

Tenga nusu saa kwa siku, kwa siku kumi hadi kumi na nne. Ukitaka kumaliza kwa siku moja utakariri tu, na siku ya tatu utakuwa umesharudi kwenye “spoiled”.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari lisilo na kazi nyingine, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.
- Kikombe cha mtindi wa leo, na kingine cha mtindi uliokaa siku mbili zaidi.
- Limau, ukwaju, kijiko cha siki na chumvi kidogo.
- Chai ya rangi iliyochemshwa sana, majani mengi, bila sukari.
- Togwa, yaani kinywaji cha uji uliotiwa kimea, au uji uliolala ukachachuka.
- Kiganja cha dagaa wakavu na kiganja cha unga wa udaga, yaani wa mihogo iliyochachushwa.
- Simu inayorekodi sauti.
- Kamusi inayotoa sentensi za mfano. Ile ya neno moja kwa neno moja iache kabatini, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.
- Mtu mmoja wa kukusikiliza. Si lazima ajue Kiingereza kukuzidi.

Zile orodha za maneno mia tano ya chakula zinazosambazwa kwenye simu huzihitaji. Nimeziona, na nyingi zina “strawberry” na “asparagus” lakini hazina neno hata moja la kumsaidia mtu anayeuza mtindi.

## Hatua ya 1: Panga Kiswahili chako kwanza

Kabla ya kugusa Kiingereza, sikiliza unavyosema nyumbani. Wali wa jana uliosahaulika kwenye sufuria umechacha. Togwa imechachuka. Unga wa maandazi umeumuka. Maziwa ya kibuyuni yameganda, lakini yale uliyoyachemsha yakageuka mabonge na maji yamekatika. Samaki aliyelala bila barafu ameoza. Hakuna Msukuma wala Mkerewe atakayekuambia amekunywa maziwa yaliyooza yakamkata kiu.

Kwa hiyo mafungu mawili unayo tayari, ila hujawahi kuyapeleka kwenye Kiingereza yakiwa yametengana. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kwa bluu “Nimekusudia”. Kulia andika kwa nyekundu “Bahati mbaya”.

Upande wa bluu:

- kuchachuka, kuchachusha: “ferment”, na kilichochachushwa ni “fermented”
- kuganda kwa mtindi: “set”
- kuumuka: “rise”
- mtindi kidogo wa jana unaoanzishia maziwa mapya: “starter”
- hamira: “yeast”
- kimea: “malt”, na unga uliotokana na nafaka iliyooteshwa ni “malted”

Upande mwekundu:

- kuchacha: “go off”
- kuoza: “rot”, na kilichooza ni “rotten”
- kukatika kwa maziwa: “curdle”
- kuota ukungu: “go mouldy”
- harufu ya gunia lililolala penye unyevu: “musty”
- mafuta au samli iliyokaa mpaka ikaanza kunuka: “rancid”
- mkate uliolala ukakauka: “stale”

Maneno mawili yatakusumbua. La kwanza ni “curdle”: kwa mpishi wa chai ni balaa, kwa mtengeneza jibini ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu yeye hukatisha maziwa kwa makusudi apate mabonge, yaani “curds”, na maji yake, yaani “whey”. La pili ni “culture”. Ukiona kwenye kopo la yoghurt pameandikwa “live cultures”, hapo hawazungumzii utamaduni, yaani ngoma za Wasukuma kule Bujora. Ni bakteria hai wanaochachusha maziwa. Ndiyo maana “cultured milk” ni jina zuri la mtindi, wala si maziwa yaliyostaarabika.

Onyo: usiandike tafsiri ya Kiswahili pembeni ya kila neno kwa haraka ya kujaza ukurasa. Neno likikosea upande, daftari litakufundisha kosa hilo kila siku.

Umefaulu ukitajiwa neno, hata kama maana yake kamili imekuponyoka, ukasema mara moja ni la bluu au la jekundu. Maana utaikumbuka baadaye. Ukikosea upande, mgeni keshaondoka.

## Hatua ya 2: Onja, ndipo uandike

Hapa watu wengi hudanganya. Wanasoma neno, wanaliandika, hawaonji kitu. Neno la ladha lisilopita ulimini halikai kichwani. Panga vikombe mezani, weka maji ya kusukutua, uende kimoja kimoja.

Mtindi wa leo. Una uchachu mwepesi unaochangamsha mdomo. Sema “tangy”. Ni neno la sifa, na mtu akisema “tangy” huwa amefurahi au anakaribia kufurahi.

Mtindi uliokaa. Uchachu umepanda, unakufumbisha jicho moja. Sema “sharp”. Bado si lawama. Ukitaka kupunguza makali yake, sema “quite sharp”.

Limau na ukwaju. Uchachu wa matunda huitwa “tart”. Embe bichi lenye chumvi na pilipili linalouzwa nje ya shule nalo ni “tart”. Kwa mtindi, “tangy” ndilo lililozoeleka zaidi.

Siki. “Vinegary”. Kitu chochote kinachokukumbusha siki kwa harufu au ladha kinachukua neno hili. Pombe ya ndizi iliyokaa muda mrefu kupita siku zake huwa “vinegary”, na hapo neno limeshahamia upande mwekundu.

Chai chungu. Hii ina mambo mawili, na wanafunzi wangu huyachanganya kila mara. Uchungu unaouonja ulimini ni “bitter”. Ule ukakasi unaokausha mdomo mpaka ulimi unakuwa kama kitambaa ni “astringent”. Ndizi mbichi ina ukakasi, na bibo la korosho linao zaidi. Ukakasi ni mguso zaidi kuliko ladha, ndiyo maana ukisema “bitter” peke yake unakuwa umeeleza nusu.

Togwa. Ni tamu na chachu kwa pamoja. Usihangaike kutafuta neno moja. Sema “sweet and slightly sour”. Waingereza wenyewe husema hivyo.

Unga wa udaga. Kwanza unuse. Una harufu nzito ya ardhi na uchachu kwa mbali. Sema “earthy”, kisha ongeza “with a sour smell”. Nimewasikia watu wakisema “bad smell” wakidhani ndiyo unyenyekevu. Usikitukane chakula cha nyumbani kwa ajili ya adabu.

“Sour” lenyewe ni neno pana, linafaa karibu kila mahali, lakini lina hila moja: kwenye maziwa linaelea katikati ya mafungu mawili. Ukisema “sour milk” Mmarekani anaweza kuwaza maziwa yaliyosahaulika kwenye friji. Ukisema “fermented milk” au “cultured milk”, shaka inaondoka. Kwenye matunda, togwa na uji, “sour” halina tatizo.

Baada ya kila kikombe andika sentensi moja tu kwa kitenzi “taste” cha wakati uliopo: “It tastes tangy.” Usiandike “It is tasting tangy.” Kiingereza hakitaki “-ing” hapo. Tunaiweka kwa kuwa Kiswahili chetu kinasema “ina ladha” bila kujali jambo linaendelea au la.

Umefaulu ukifumba macho, ukapewa kijiko usichokijua, ukatoa neno ndani ya sekunde tatu bila kupita kwenye Kiswahili. Mwambie mtoto wa nyumbani akupe vijiko. Watoto wanaipenda kazi hii kupita kiasi, na chumvi watakujazia.

## Hatua ya 3: Vunja “tamu” na “kali”

Hizi ndizo nguzo mbili zinazobeba makosa mengi kuliko yote.

Kwetu sato wa kukaanga ni mtamu. Mchuzi ni mtamu, hadithi ni tamu, hata usingizi. Ukimwambia mgeni “This fish is very sweet,” atafikiri umemwagia sukari. “Sweet” ni utamu wa sukari, asali, miwa na ndizi mbivu. Chakula kizuri mdomoni ni “delicious” au “tasty”. Na chakula kitamu kisicho cha sukari, chenye chumvi na kina chake, kama mchuzi wa dagaa, ni “savoury”.

Kuna na “umami”, neno la Kijapani ambalo siku hizi utalikuta kwenye menyu za hoteli. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda aliitenga ladha hiyo kutoka kwenye supu ya mwani na kuipa jina. Mchuzi wa dagaa umejaa ladha hiyo. Lijue ili usishangae ukilisikia, lakini kwa mazungumzo ya mezani “savoury” linatosha.

“Kali” ni mbaya zaidi, maana kila kitu kinachotuuma mdomoni tunakiita kikali. Iandike hivi, kila moja na mwenzake:

- pilipili kali: “hot” au “spicy”
- mtindi mkali: “sharp” au “very sour”
- chai kali: “strong”
- harufu kali: “strong”, na ikikupanda puani kama ya kayabo (sangara wa chumvi), “pungent”
- pombe kali ya kunereka: “spirits”, na hapa hakuna roho yoyote inayohusika

Onyo: “hot” ina maana ya moto pia. Mgeni akiuliza “Is it hot?” huku ameshika kijiko cha kachumbari, anauliza pilipili. Akiuliza hivyohivyo huku mvuke unapanda, anauliza joto. Ukiwa na shaka tumia “spicy” kwa pilipili, uachane na mchezo huo.

Kuna pia kitenzi kimoja ambacho Kiswahili kinatupa faida ambayo hatuitumii. Sisi tunajua kunuka na kunukia. Kiingereza kina “smell” tu, lakini likisimama peke yake linamaanisha kunuka. “It smells” ni tusi kwa chakula. Ukitaka kunukia, lazima uongeze neno: “It smells good.” “It smells fresh.” Usiliache hilo neno likiwa uchi.

## Hatua ya 4: Jua kitu kinageukaje

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Kugeuka kwa chakula Kiingereza hukieleza kwa vitenzi viwili vidogo. “Go” huelekea ubaya: “go off”, “go bad”, “go mouldy”, “go rotten”. “Turn” halina upande, linasimulia tu badiliko: “The porridge turns thin, then it turns sour.” Kwa hiyo, kwa kitu ulichokusudia, tumia “turn”. Ukisema togwa “went sour”, umeitoa upande wa bluu bila kujua.

Umefaulu ukisimulia safari ya uji mpaka togwa bila “go” hata moja.

## Hatua ya 5: Eleza kinavyotengenezwa

Mgeni akisharidhika kwamba hakuna kilichoharibika, swali lake la pili ni: mnafanyaje? Hapa tumia vitenzi vya kuamuru, vifupi, vilivyopangwa kwa zamu. Usianze na “Firstly, you are supposed to be taking.” Anza na kitendo.

### Mtindi

“Boil the milk and let it cool. Add a little of yesterday's mtindi as a starter. Cover it and leave it overnight. In the morning it has set.”

Sentensi nne. Ukiulizwa kwa nini yanaganda, jibu ni hili: bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayoyagandisha na kuyapa uchachu. Kwa Kiingereza: “Bacteria turn the milk sugar into lactic acid.” Ona “turn” tena.

Kama nyumbani kwenu mnasuka mtindi kwenye kibuyu mkatoa siagi, basi yanayobaki ndiyo “buttermilk”. Kusuka ni “churn”. Usiyaite “buttermilk” maziwa yenye siagi yake bado ndani, hata kama jina linakushawishi.

### Togwa

“Cook a thin maize porridge. Let it cool until it is lukewarm. Stir in malted finger millet flour. The porridge turns thin and sweet. Leave it until the next day and it turns sour.”

Neno la thamani hapo ni “lukewarm”, uvuguvugu. Ukilisahau, umempa mgeni mapishi yasiyofanya kazi: kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka, nguvu yake ya kuvunja wanga kuwa sukari inaharibika, na uji haulainiki.

Onyo kubwa: usiite togwa “local beer”. Nimesikia mwongozaji akiwaambia hivyo wageni waliokuja na watoto wao, na wazazi wakawapokonya vikombe. Togwa ni “a non-alcoholic drink made from fermented cereal”. Kwa pombe zenyewe, kitenzi ni “brew”: rubisi ya ndizi ya majirani zetu wa Kagera ni “banana beer”, na inakuwa “brewed”. Gongo haipikwi kwa “brew”, inanerekwa, na kunereka ni “distil”.

### Udaga

Hapa nenda polepole. Mgeni hana picha yoyote kichwani, na maneno ya njiani yote yanafanana na ya upande mwekundu: lundo, ukungu, harufu. Ukisimulia vibaya, unakuwa umesimulia jaa la takataka.

Siri ni kutaja kusudi kabla ya kitendo. Anza hivi: “To make the cassava safe and give it flavour, we ferment it.” Baada ya sentensi hiyo ukungu hautishi tena, kwa kuwa msikilizaji anajua unakwenda wapi. Endelea:

“Peel the roots. Heap them up and cover them for a few days. A mould grows on them and they turn soft. Scrape the mould off. Break the roots into pieces and dry them in the sun. Then grind them into flour.”

Ona kwamba ni “a mould grows on them”, si “they go mouldy”. Ukungu ni uleule, fungu limebadilika.

Neno “safe” halipo pale kwa mapambo. Mihogo michungu ina kemikali ambazo hutoa sianidi, na kuchachusha pamoja na kukausha vizuri huipunguza. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, wakati wa uhaba wa chakula, mihogo michungu iliandaliwa haraka kuliko inavyotakiwa na watu wakapatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Kwa hiyo ukimsimulia mgeni, na hasa akisema atajaribu kwao, usiruke hatua hata moja na usimwambie “it is easy”. Sianidi kwa Kiingereza ni “cyanide”, tamka “sáya-naid”. Sema hivi: “Bitter cassava contains cyanide, so it must be processed properly.”

Na tenga makopa na udaga. Makopa ni mihogo iliyomenywa na kukaushwa tu: “dried cassava”. Udaga umepitia lundo: “fermented cassava”. Wapo watu wa Ukerewe watakaokukasirikia ukivichanganya, na wana haki.

Umefaulu ikiwa msikilizaji wako, bila kuona daftari, anaweza kukurudishia hatua zote kwa mpangilio. Akisita baada ya “heap”, ujue hukutaja kusudi.

## Hatua ya 6: Usiite kila chenye harufu “fermented”

Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi moja ukiwa na daftari. Pita kwenye mafungu ya samaki na uwataje kwa sauti ndogo.

Dagaa waliokaushwa juani ni “sun-dried”. Hawajachachushwa. Walioanikwa mchangani na bado wanalia mchanga menoni ni “gritty”, na ukitaka kumsifia muuzaji aliyeanika kwenye kichanja, sema “dried on a rack”. Kayabo, yaani sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, ambao mzigo wake mwingi huelekea Kongo, ni “salted and dried”. Sato aliyepita kwenye moshi ni “smoked”.

Dagaa walioshindwa kukauka kwa sababu ya mvua, wakalainika na kubadilika rangi, hao wamekwisha: “They have gone off.” Usiwaokoe kwa kuwaita “fermented”. Neno la bluu halisafishi kitu chekundu, na mgeni akiumwa tumbo atalikumbuka.

Tofautisha pia “salty” na “salted”. “Salted” ni kwamba kimetiwa chumvi, na “salty” ni kwamba chumvi inasikika, mara nyingi kupita kiasi. Na usiwaite dagaa “sardines”. Hao ni samaki wengine. Dagaa wa ziwa letu, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, unaweza kusema ni “small silver fish from the lake”.

## Hatua ya 7: Fundisha ulimi

Rekodi kila neno mara tatu, sikiliza, rudia.

“Sour” kwa matamshi ya Uingereza linakaribia sana “sawa” yetu. Wanafunzi hucheka, lakini hawalisahau tena.

“Tangy” ina ng' ya ng'ombe, kwa hiyo ni kama “teng'i”. Ukiitamka kama tangi la maji, mgeni atatafuta tangi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaiweza ng' hiyo kuliko wengi, basi tuitumie.

“Whey” ni “wei”, sawa kabisa na neno la njia. “Flour” na “flower” zina sauti moja, wala usijisumbue kuzitenganisha, muktadha utakusaidia. “Mould” ni “old” iliyotanguliwa na m, silabi moja. “Yeast” inaanza na y inayosikika, vinginevyo umesema mashariki.

Kibuyu ni “gourd”, lakini vokali yake isipovutwa inageuka jina la Mungu, na kusema unahifadhi maziwa ndani ya Mungu ni jambo zito. Sema “calabash” upumzike.

Kuna na suala la l na r, ambalo tunataniana nalo kila siku. Hapa lina gharama: “brew” ikigeuka “blue”, mgeni anasikia rangi. Zungumza na simu yako: “We brew it. The cup is blue.” Rudia mpaka rekodi itofautishe zote mbili bila wewe kukaza shingo.

## Hatua ya 8: Jaribu mbele ya mtu

Mkae wawili, mmoja awe mgeni mwenye wasiwasi. Mazoezi ya aina hii:

“What's this?”
“It's mtindi, fermented milk.”
“Has it gone off?”
“No, it's meant to be sour. It's a bit like yoghurt, but sharper.”
“What's in it?”
“Just milk and a starter. Would you like to try a little first?”

Sentensi ya kuikariri kuliko zote ni “It's meant to be sour.” Hiyo “meant to be” inasema: tumekusudia. Inafanya kazi kwa togwa na kwa udaga, na hata kwa uji wa bibi. Ya pili ni “a little first”. Mgeni aliyepewa kijiko haogopi kama aliyewekewa bilauri nzima.

Mgeni akionja na kusema “It's interesting,” usishangilie bado. Mara nyingi ni adabu ya mtu ambaye hakupenda. Akisema “I could get used to this,” yuko njiani. Akiomba aongezewe, hapo hakuna cha kutafsiri.

Utafika mahali neno la Kiingereza halipo. Usilitunge. Udaga uache uitwe udaga, na togwa togwa. Taja jina letu, kisha mpe mambo matatu: kimetokana na nini, kimefanywa nini, kina ladha gani. “Udaga is flour made from fermented cassava. It tastes earthy and a little sour.” Akikosea kulitamka, mrudishie polepole, u-da-ga, mpaka alipate. Na yeye anajifunza lugha.